Nilihukumu mbele ya kusikiliza



Ninyi wa internati munanijua vizuri sababu ya kengele ya saa tatu za usiku. Nikiipiga, taa zinazimika na kelele inakwisha. Mwezi uliopita, kisha kengele, nilikuta mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza amejifunika bulangeti, waya masikioni. Sikumwuliza hata neno moja. Nilimnyang'anya karadio yake pamoja na kadi ya memori, nikaandika katika kaye ya disiplini: «muziki ya dunia». Akapewa siku tatu za kukata majani nyuma ya jiko.

Sheria inasema kitu cha kunyang'anywa kifike ofisini kesho yake asubuhi. Mimi nilikaa nacho siku kumi na moja. Ndiyo sababu ninaandika.

Usiku ule nilitaka tu kujua ni uchafu gani uko ndani. Nilingojea ndombolo. Kumbe, mtu alianza kuimba polepole kwa luga nisiyoijua. Fasi ambapo sisi wa kwaya tungeweka kiitikio, hakukuwa maneno: chombo kimoja cha umeme kililia peke yake, kwa sauti kubwa, kisha aya ya pili kikarudi tena. Mimi ninaimba bass tangu miaka mitano, sikuwaza kamwe kama kiitikio kinaweza kukosa maneno na watu waelewe. Nikasikiliza tena. Kesho yake pia.

Siku ya wazazi kutembelea, mjomba wa yule mtoto akafika. Yeye ni dereva kwa mapadri Waitaliano, na muziki ile ilitoka kwa padri mzee mmoja. Nikamwuliza habari, sawa mtu asiye na neno. Hakujua kama ni mimi nilimwazibisha mtoto wake. Kisha siku chache akanitumia karatasi mbili, padri ameziandika kwa mkono, na majina na miaka.

Nilijifunza hivi. Karibu na mwaka 1970, vijana wa Italia walipata gitare za umeme na rock ya Waingereza. Lakini kwao kulikuwa Vivaldi, opera na ogani za kanisa. Hawakutupa kimoja juu ya kingine, walichanganya vyote. Orkestra New Trolls ya Genova, mwaka 1971, ilitoa Concerto grosso na mtunzi Luis Bacalov: gitare pamoja na violoni, sawa wakati wa zamani. Upande wa Venezia, Le Orme wakatoa Collage mwaka ule ule. Wimbo ulionikamata mimi ni «Impressioni di settembre» ya mwaka 1971, na kile chombo ni sintetizeri inayoitwa Moog. Orkestra yenyewe ni Premiata Forneria Marconi ya Milano, jina walilokopa kwa nyumba ya kuoka mkate! Mwaka 1973 diski yao Photos of Ghosts, yenye maneno ya Kiingereza ya Pete Sinfield, iliingia mpaka katika orodha ya Billboard ya Marekani.

Sikieni tena. Mbele ya kuchukua jina lile, walipokuwa wakiitwa I Quelli, walipiga vyombo katika La buona novella ya Fabrizio De André, mwaka 1970. Diski ile inaeleza habari za Maria, Yosefu na msalaba, kwa kufuata injili zisizo ndani ya Biblia yetu. Na mimi niliandika «muziki ya dunia»!

Kuna pia Banco del Mutuo Soccorso ya Roma, maana yake Benki ya Kusaidiana, karibu sawa likelemba yetu. Jalada la diski yao ya kwanza, 1972, lilikatwa kwa umbo la chungu cha kuwekea pesa. Mwaka ule ule walitoa Darwin!, juu ya mwanadamu kutoka kwa wanyama. Hapo Mchungaji atakunja uso, na mimi siko upande wao. Lakini ndugu wawili Nocenzi wako juu ya vinanda, na Francesco Di Giacomo, aliyekufa kwa ajali ya motokari mwaka 2014, anaimba. Ninaweza kubishana na mtu na kukubali kwamba anaimba vizuri.

Karatasi ya pili ilinivunja. Mwimbaji wa orkestra Area, Demetrio Stratos, mzaliwa wa Alexandria katika Misri, aligonjwa damu, akapelekwa New York. Wanamuziki wenzake wakapanga konseri Milano, tarehe 14 Juni 1979, juu ya kutafuta pesa za matunzo. Akafa tarehe 13. Walipiga hata hivyo, watu walijaa, konseri ikawa matanga.

Pale nikaona haya. Watu niliowazarau walijua kumsaidia mwenzao. Mimi mwimbaji wa kwaya, nilikuwa chini ya bulangeti yangu na radio ya mtoto, naye analala na malengelenge mikononi.

Nilienda kwa Bwana Prefe, nikasema yote. Nikapewa siku tatu zile zile, majani yale yale. Wadogo walipita wakicheka. Yule mwenye radio hakucheka. Alisimama, akaangalia panga, akauliza:

— Yaya, ulifika kwa wimbo wa ngapi?

Nikamwomba masamaha hapo hapo, na leo ninamwomba tena mbele yenu wote.

Sheria inabaki sheria: karadio iko ofisini mpaka vakansi, na kengele ya saa tatu nitaipiga. Lakini Bwana Prefe amekubali kwamba Jumamosi, kisha salongo, tusikilize pamoja katika sali ya kwaya, Mchungaji akiwepo. Anayetaka kuhukumu, aje kwanza na masikio.

Doyen wenu, finalisti.