Staa alirusha mlio wa gari langu Insta, Jumapili nikaingia uvunguni

Wadau, kuna dada mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, ndiye aliyenilaza chini ya IST. Mnajua kublogu hakulipi kodi, kwa hiyo usiku napiga tripu na gari la hesabu. Nilimbeba Sinza kwenda Mbezi Beach, na kila tuta mbele kushoto: ko! ko! ko! Nikaongeza redio. Kumbe mwenzangu anarekodi. Asubuhi nakuta mlio uko kwenye stori yake na vikatuni vya kucheka. Sura yangu haikuonekana, ila bosi aliijua dashibodi yake. Meseji ilikuwa fupi: "Jumatatu liwe limenyamaza au ulirudishe."

Kilichoniuma, mwezi uliopita fundi mmoja alishabadilisha shokapu mbili kwa mlio huo huo. Safari hii nikashika mwenyewe zile linki mbili, vile vyuma vyembamba vinavyounga shokapu na baa ya stebilaiza. Baa yenyewe inapita chini kutoka gurudumu hadi gurudumu, gari lisilale sana kwenye kona. Linki ya kushoto ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Kariakoo, pea elfu 45.

Jumapili, uani Tabata, mimi na mdogo wangu. Nati ni namba 17, lakini ukiizungusha bolti nayo inazunguka. Lazima uishike katikati kwa kile kispana cha pembe sita, namba 6. Tundu lake lilijaa tope kavu, nikachokonoa na msumari nusu saa nzima. Nati ikatoka, linki ikagoma. Nikaanza kupiga nyundo kama mjinga.

Mzee wa nyumba ya pili, dereva wa lori zamani, akaja na kikombe chake cha chai. "Mwanangu, umenyanyua upande mmoja, hiyo baa imejikunja, itakubali vipi? Nyanyua pande zote. Na hizo tairi ulizofungua zisukume uvunguni, usituletee msiba."

Nikaazima jeki ya pili. Tairi nilizisukuma ili tu anyamaze, kiukweli. Haikupita robo saa, jeki ya kuazima ikazama kwenye mchanga, gari likainama na kukaa juu ya tairi: pu! Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoa mkono afuate tochi. Hatukuongea kama dakika tano. Mzee naye hakusema kitu, alienda kwake akarudi na mbao mbili za kuweka chini ya jeki.

Baada ya hapo linki zote zilitoka kwa mkono. Jioni nikapita matuta yote ya mtaani, kimya. Bosi nikamtumia video, akajibu dole gumba. Habari ya jeki tumekubaliana mama asijue, kwa hiyo mnaomfahamu tafadhali.

Yule dada nilimbeba tena Alhamisi. Alikaa siti ya nyuma, simu mkononi, anasubiri tuta.