Masomo ya Ndoa, Kinshasa na Kolwezi

Watu wa Kolwezi huniuliza mara nyingi: "Mama, umekaa Kinshasa miaka mingi kusomea dini na mashauri ya jamaa. Je, ndoa nayo husomwa chuoni?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Nakumbuka siku mwalimu wetu alipotueleza habari za Carl Rogers, mtaalamu wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 alifundisha kwamba mshauri asikimbilie kutoa shauri. Kwanza amsikilize mwenye taabu, tena kwa heshima. Wenzangu waliandika upesi upesi, kama watu waliopata jambo jipya. Mimi nilifurahi moyoni, maana mafundisho ya namna hiyo niliyasikia utotoni kwa babu na bibi yangu, watu wa kambi ya Musonoi.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kolwezi. Alikuwa na sifa tayari kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka mwaka 1945. Kambini alikuta wafanya kazi wa Union Minière, wengi wao wametoka mbali, Kasai na kwingineko. Mume na mke wakigombana, hakuna mjomba wala shangazi wa kuwapatanisha. Basi Padri akaketi nao, mume na mke pamoja, akitaka kujua wanatamani nini katika maisha yao. Mafundisho yao yakasimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Ndiyo Jamaa hiyo. Padri alirudi Ulaya mwaka 1962. Baadaye vikundi vingine vilipotoka, na maaskofu wakavikataza. Lakini jiwe la msingi lilikuwa jema: mume na mke wajuane mioyo.

Leo Union Minière haipo; serikali ilichukua mali yake mwaka 1967. Shaba ingaliko, na kobalti imeleta kampuni nyingi, na vijana wengi wanachimba kwa mikono. Fedha huja ghafula na kuisha ghafula, na nyumba hutikisika.

Mwaka mmoja walinijia mume na mke waliotaka kuachana. Mume alilalamika kwamba mke hashibi fedha. Niliwapa sharti moja tu: kabla ya kujibu, kila mmoja aseme kwanza maneno ya mwenzake, hata mwenzake akubali, "Ndivyo nilivyosema." Mke akasema: "Tangu uanze zamu ya usiku, hujaniuliza hata mara moja nimelalaje." Mume akaanza kuyarudia maneno hayo, akashindwa kuyamaliza. Akainamisha kichwa. Siku ile hawakupatana, lakini walirudi juma lililofuata, na lingine tena. Leo wangali pamoja, na ugomvi wa fedha haujaisha kabisa.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Chuo kilinipa majina ya mambo na utaratibu wa kazi, nami nashukuru. Lakini kila nyumba ina mlango wake, na ufunguo wake ni sikio. Wewe uliye na mume au mke, usingoje mshauri. Leo jioni, kabla ya kuhesabu fedha, muulize mwenzako amelalaje, kisha unyamaze umsikilize.