Watoto wa Mara juu ya ziwa lililoganda

Barua hii kwa watu wa Mbalibali, Serengeti, hadi ng'ambo ya Mto Mara upande wa Tarime, inatoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na safari hii inawahusu zaidi mabibi. Kila ikifika Januari, simu za nyumbani hupokea picha za wajukuu waliovikwa nguo hadi puani, wamelala chali kwenye theluji, wanacheka. Na kila ikifika Januari, swali linalotoka nyumbani ni lile lile: jamani, mbona mnamtoa mtoto kwenye baridi namna hiyo?

Bibi anayeuliza hivyo ana haki ya kujibiwa vizuri, maana anauliza kwa uchungu wa mjukuu.

Mbalibali jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Minneapolis, mwishoni mwa Desemba, hutoka kama saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu jioni. Wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na kuna siku ambazo hata hizo 9 hutamaniwa. Januari 30, 2019, kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa upepo uliokuwa ukivuma, mwili ulisikia kama nyuzi 48 chini. Shule zilifungwa, na hata posta ilisimamisha kupeleka barua. Siku ya namna hiyo mtoto hatolewi nje, na hakuna mzazi anayebishana. Ila siku kama hizo ni za kuhesabu, wakati majira yenyewe ya baridi huanza Novemba na kuendelea hadi Machi.

Miezi mitano ni mingi kwa mtoto wa miaka mitatu anayeishi kwenye nyumba ya vyumba viwili ghorofani. Familia nyingi zinazotoka Afrika Mashariki hupitisha mwaka wao wa kwanza hivyo: mapazia yamefungwa, hita inanguruma, katuni kwenye runinga kutoka asubuhi hadi usiku. Hawafanyi hivyo kwa uvivu. Wazazi wengi hufanya kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa, mara nyingi zamu za usiku, na hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kuishi na baridi. Wanamfungia mtoto ndani kwa sababu wanampenda. Lakini mtoto aliyezoea kukimbia huanza kulia bila sababu, halali vizuri, hagusi chakula, na mama yake anachoka zaidi kuliko kama angekuwa naye nje.

Kuhusu mafua, jambo moja lijulikane Mbalibali. Mafua huletwa na virusi, na virusi hupitishwa kwa urahisi zaidi watu wanapobanana kwenye chumba kilichofungwa. Shule nyingi za Minnesota huwatoa watoto kucheza nje wakati wa mapumziko mpaka baridi, ukijumlisha na upepo, ifikie kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Hatari ya kweli ni baridi kali kuunguza ngozi ya vidole, masikio na pua. Ikifika nyuzi 28 chini, ukijumlisha na upepo, ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda katika muda wa dakika 10 hadi 30. Kwa hiyo saa ya mzazi na nguo za mtoto ndizo zinazoamua.

Nguo nazo zina utaratibu wake, na mabibi wangeupenda. Ya kwanza ni ya kubana mwili, isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kumpoza mtoto. Ya pili ni sweta la sufu au kitambaa chenye manyoya. Ya juu ni koti na suruali nene isiyopitisha maji. Halafu buti, kofia inayofunika masikio, na glavu zilizoshonwa bila kutenganisha vidole, ili vidole vipashane joto. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba mtoto mchanga avalishwe nguo moja zaidi ya zile ambazo mtu mzima angevaa kwenye hali ile ile. Hushauri pia koti nene livuliwe kabla ya kumfunga mkanda kwenye kiti chake cha gari, kwani unene ule husinyaa gari likigonga na mkanda unabaki umelegea. Kumvalisha mtoto mmoja huchukua robo saa, na bila shaka akishakamilika ndipo anasema anataka kwenda chooni.

Vitu hivi dukani ni ghali, ila mitumba ipo. Wazazi huenda kwenye maduka ya nguo zilizotumika mwezi Septemba, kabla msimu haujaanza, na kupata koti la mtoto kwa bei ndogo sana. Nguo ambazo hazikununuliwa kwenye maduka ya aina hiyo, baadhi yake hufungwa marobota na kuvuka bahari hadi minada ya Afrika Mashariki. Koti la manyoya linalotundikwa gulioni Mugumu huenda limewahi kuteleza kwenye kilima cha Minnesota.

Na kuteleza ndiko watoto huanzia. Familia za Wakenya ni nyingi katika vitongoji vya kaskazini kama Brooklyn Park, na Wakisii, jirani wa Mara ng'ambo ya mpaka, wamestawi huko kiasi kwamba mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo. Karibu na hapo, Maple Grove, kuna hifadhi ya Elm Creek, yenye kilima kilichotengwa kwa ajili ya kuteleza kwa maboya ya mpira. Pale ni kwa kulipa. Lakini kilima chochote cha bustani ya umma ni bure, na kinachohitajika ni kisahani cha plastiki. Mtoto wa miaka minne hukaa mbele, mzazi nyuma amemkumbatia kwa miguu, anasukuma kidogo kwa mikono, na kisahani kinaondoka. Theluji inapuliza usoni, mtoto anapiga kelele, kisahani kinazunguka na kumaliza safari kinatazama kilikotoka. Chini kabisa, baba wa watu aliyekuwa na heshima zake zote amelala kwenye theluji, na mtoto tayari ameanza kupanda tena: "Baba, tena! Baba, tena!" Kupanda huko juu ndiko kunakomchosha, na usiku huo hakuna wa kumbembeleza alale. Mama mwenye akili huja na chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi, mtamu, wa moto. Kikombe kimoja baada ya kila safari tatu, na mtoto anaweza kukaa saa nzima.

Kuteleza kwa viatu vyenye chuma chini ni kazi nyingine. Mamlaka ya bustani ya Minneapolis hugandisha maji kwenye viwanja vyake kila mwaka na kuruhusu watu waingie bure. Pembeni ya viwanja vingi kuna chumba chenye joto cha kuvalia na kupumzikia, na viatu vya kuazima. Mtoto anayeanza hupewa kiti au ndoo iliyopinduliwa aisukume mbele yake ili asianguke. Wengine huanguka hata hivyo, na kwa vile wako karibu na chini, hawaumii sana. Wakubwa ndio wanaoumia. Jambo la kutazama ni jinsi mtoto aliyezaliwa Marekani anavyomshika mama yake mkono na kumfundisha, "Mama, kunja magoti, usiangalie chini," naye mama aliyekuwa akichota maji ya Mto Mara kwa ndoo kichwani bila kumwaga tone anatii kimya kimya.

Kinachowatisha zaidi mabibi ni picha ya familia nzima imekaa katikati ya ziwa. Minnesota hujiita nchi ya maziwa 10,000. Yaliyohesabiwa, yenye ukubwa unaostahili, ni 11,842. Ziwa huganda kuanzia juu kwa sababu maji ni mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 juu ya sifuri. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi na kupanda, yakaganda kama kifuniko, na samaki wanaendelea na maisha yao chini. Idara ya maliasili ya jimbo inataka barafu safi na ngumu iwe na unene wa angalau sentimita 10 kabla mtu hajaikanyaga kwa miguu, na zaidi ya mara mbili ya hapo kwa gari dogo. Inakumbusha kila msimu kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa, kwa hiyo watu hutoboa na kupima kadiri wanavyosonga mbele. Mzazi asiyepima asimpeleke mtoto. Hilo halina mjadala.

Wakishapima, wanatoboa tundu kwa kekee ndefu, upana wa sahani ya chai, wanatega hema dogo juu yake na kuwasha jiko la gesi, mlango wa hewa ukiwa wazi ili gesi ya sumu isiwadhuru. Mtoto hukaa kwenye ndoo na kushika fimbo fupi ya kuvulia, isiyofika hata urefu wa mkono wake. Anachungulia tundu: maji meusi, uzi mwembamba, halafu ghafla ncha ya fimbo inainama. Samaki anayetoka mara nyingi ni mdogo, hatoshi kiganja, lakini mtoto hatamwacha mpaka amepigwa naye picha. Mwenye umri chini ya miaka 16 hahitaji leseni ya kuvua. Na kuna mwisho wa wiki mmoja mwezi Januari ambapo jimbo huwaruhusu hata watu wazima wakazi wavue bila leseni, ili mradi wameandamana na mtoto. Kwa familia iliyotoka nchi ya sato na sangara, hiyo ndiyo siku nzuri ya kuanza.

Siku zinazokataza nje zina pa kwenda pia. Mji jirani wa Saint Paul una bustani ya wanyama ya Como, iliyoanza mwaka 1897, na nyumba yake ya vioo ya mimea iliyofunguliwa mwaka 1915. Kiingilio ni hiari ya mgeni. Nje theluji imefika magotini. Ndani kuna joto, unyevu, migomba na mibuni. Watoto wa wazazi wa Tarime, wilaya ya kahawa, huonyeshwa mbuni kwa mara ya kwanza pale, chini ya paa la vioo. Hatua chache mbele kuna simba na twiga, na baba anapata nafasi ya kusimulia wale wa Serengeti, ambao hakuna aliyewajengea hita.

Kwa watoto wadogo kabisa kuna mpango wa elimu ya awali kwa familia, ulioanza Minnesota mwaka 1974 na sasa unaendeshwa kupitia shule za umma. Mzazi huja na mtoto, wanacheza pamoja, kisha wazazi hukaa pembeni na mwalimu wazungumze malezi wakati watoto wakiendelea. Ada hupangwa kulingana na kipato. Akina mama wageni wengi wamepata rafiki wao wa kwanza Marekani kwenye vyumba hivyo, na kwa maoni ya barua hii hakuna dawa ya upweke wa majira ya baridi inayoufikia mpango huo.

Wenyeji nao iliwabidi waamue kuipenda baridi yao. Mwaka 1885 mwandishi wa gazeti kutoka New York aliifananisha Saint Paul na Siberia, mahali pasipofaa binadamu. Wafanyabiashara wa mji wakakasirika na kujibu kwa sherehe: mwaka 1886 walijenga jumba zima kwa matofali ya barafu na kuanzisha Saint Paul Winter Carnival. Montreal, Kanada, ilikuwa imefuta sherehe yake kwa sababu ya ndui, na mafundi wake wakaja kujenga Saint Paul. Sherehe hiyo bado ipo, mwishoni mwa Januari, na watoto huenda kutazama sanamu zilizochongwa kwenye barafu na gwaride la usiku.

Tena mwili wa Mwafrika hauna ugomvi na theluji. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alishindana kuteleza kwenye theluji kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norwe, na Dæhlie alisubiri kwenye mstari wa mwisho kumkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Raha hizi hazina uhakika kama zamani. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa Minneapolis. Theluji ilikosekana wiki baada ya wiki, barafu ya maziwa ikawa nyembamba, na shughuli kadhaa zilizozoea kufanyika juu ya maziwa zilifutwa au kuhamishiwa nchi kavu. Watoto walioahidiwa kuvua samaki walibaki wakitazama maji kutoka ufukweni, na wazazi waliokuwa wakilalamikia baridi walijikuta wakiitafuta kwenye utabiri wa hali ya hewa.

Kwa hiyo bibi au babu mwenye viza anayetarajia kuja, aje wiki ya mwisho ya Januari na asingoje Julai. Asihangaike kutafuta koti Mugumu wala Mwanza. Uwanja wa ndege atakuta koti, buti na kofia vinamsubiri mikononi mwa wajukuu. Ampe mwanawe siku mbili za kupumzika, kisha adai apelekwe kilimani. Kisahani cha watu wazima kipo, na kuna mjukuu ambaye ameshaomba akae mbele.