Wana wa Baba wa Kelele

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Hanwell, magharibi mwa London, palikuwa na duka la ngoma na magitaa ambalo vijana walilifanya kijiwe. Mwenyewe, Jim Marshall, alikuwa mpiga ngoma aliyegeuka mwalimu, kisha mfanyabiashara. Mmoja wa waliozoea kuingia na kutoka dukani humo alikuwa Pete Townshend, kijana mwembamba mwenye pua ndefu, mtoto wa mpiga saksafoni wa bendi ya dansi ya The Squadronaires. Baba mtu alipiga muziki wa watu kucheza wameshikana mikono. Mwana alitaka amplifaya ambayo ikishawashwa, hakuna mzomeaji ukumbini atakayesikika.

Uchokozi ulianzia ndani ya bendi yake, The Who. Mpiga besi, John Entwistle, alinunua kabati kubwa la spika, gitaa la Townshend likamezwa. Townshend naye akaenda kununua. Entwistle akaongeza. Keith Moon, ambaye ngoma zake hazikuwa na waya, akawa anazitwanga kana kwamba zimemkosea. Yalikuwa mashindano ya beni, kama yale ya pwani ya zamani, kila kikundi kikitaka cha pili kisisikike. Ila hapa washindani wote walikuwa jukwaa moja, wakipiga wimbo mmoja.

Mwaka 1965 Marshall aliwatengenezea amplifaya ya wati 100 na kabati lenye spika nane za inchi 12. Wabeba vyombo wakalalamika kwamba linawavunja migongo. Akaligawa mawili, spika nne nne, moja likakaa juu ya jingine. Hapo ndipo ulipotoka ule ukuta mweusi wa spika uliokuja kusimama nyuma ya Jimi Hendrix na wapiga gitaa wengi wa rock duniani. Marshall alifariki mwaka 2012, akijulikana kwa lakabu ya Baba wa Kelele.

Bili ililipwa na wanawe.

Septemba 1967, The Who walialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha The Smothers Brothers Comedy Hour, Los Angeles. Ilikuwa kawaida yao kumaliza onyesho kwa kuvunja vyombo. Siku hiyo Moon alipitisha kiasi baruti iliyotiwa kwenye ngoma yake kubwa. Ilipolipuka, Townshend alikuwa karibu. Kamera zilimnasa akitoka ndani ya moshi akizipapasa nywele zake zilizoungua. Mkanda ule umeoneshwa mara nyingi kama kichekesho, na mara nyingi pia umetajwa kuwa mwanzo wa maradhi ya masikio yake. Yeye mwenyewe alikuja kulaumu zaidi kitu kingine kisicho na moshi wala kishindo, ambacho zamu yake itafika.

Wakati ule hakuna aliyewaeleza vijana wale kilichokuwa kikitendeka ndani ya vichwa vyao. Sauti ikishapita kwenye kiwambo cha sikio huingia katika mfereji uliojikunja kama konokono, uliojaa majimaji. Humo mna seli takriban 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hulala na kuinuka kama mpunga unaopigwa na upepo. Kila seli ina sauti yake, nyembamba au nene, na kazi yake ni kuupelekea ubongo habari. Upepo wa kawaida ukipita, mpunga huinuka. Tufani likipiga usiku baada ya usiku, mabua huvunjika. Ubongo nao, ukikosa habari kutoka upande ule, ni kama fundi mitambo aliyeona maikrofoni imefifia: anapandisha sauti mpaka mtambo wenyewe unaanza kupiga miluzi. Kwa namna wataalamu wengi wanavyoeleza, mluzi huo ndio mlio wa masikioni. Hautoki nje, na aliyeketi pembeni hausikii.

Wapo wanaoamini kwamba sikio likilia, kuna mtu mahali anakutaja. Kwa mwanamuziki wa miaka ile, sikio kulia baada ya onyesho lilikuwa jambo la kawaida kama jasho kwenye shati, na kesho yake lilikwisha. Hadi siku lilipoacha kwisha.

Tarehe 31 Mei 1976, The Who walipiga kwenye uwanja wa mpira wa Charlton, kusini-mashariki mwa London. Mita 32 kutoka kwenye spika, kipimo kilisoma desibeli 126, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikawatangaza kuwa bendi yenye kelele kuliko zote duniani. Ilikuwa sifa. Lakini mizani wanayoitumia leo watafiti wa afya kazini huko Marekani ina hesabu yake: desibeli 85 mtu anaweza kuzivumilia saa 8 kwa siku, na kila zinapopanda 3, muda unakatwa nusu. Zikifika 100, umebaki na dakika 15. Kwa hesabu hiyohiyo, mtazamaji wa Charlton alimaliza posho yake ya siku nzima katika sekunde kama 2, kabla hata mwimbaji Roger Daltrey hajamaliza mstari wa kwanza. Miaka kadhaa baadaye Guinness waliacha kuandikisha rekodi ya aina hiyo, wasije wakawachochea watu kujiharibu masikio.

Townshend alipoingia umri wa miaka ya 40 alikuwa na mlio usiokoma na usikivu uliopungua. Ameeleza kwamba mlio wake uko kwenye sauti zilezile anazopigia gitaa. Hata hivyo, katika ulimwengu wa rock, kulizungumza jambo hilo hadharani kulikuwa kama bondia kukiri kwamba anaogopa ngumi.

Aliyeuvunja ukimya alitoka ng'ambo ya bahari. Kathy Peck alikuwa mpiga besi na mwimbaji wa The Contractions, bendi ya punk ya wanawake huko San Francisco. Mwaka 1984 walifungua onyesho la Duran Duran katika ukumbi mkubwa wa Oakland. Ilikuwa bahati ambayo bendi ndogo huiota. Baada ya onyesho masikio yake yalilia kwa siku tatu. Aliona midomo ya watu ikicheza bila kusikia wanachosema. Usikivu wake haukurudi ulivyokuwa. Mwaka 1988, pamoja na daktari aliyekuwa akiwatibu wanamuziki wa mji ule, alianzisha shirika la H.E.A.R. kuwafundisha watu wa rock kulinda masikio. Townshend akalichangia dola 10,000 za kuanzia, na pamoja na fedha akatoa kitu kilichokuwa adimu zaidi: alikubali jina lake litajwe na maradhi yake yasemwe.

Mwaka ule wa 1988 ulikuwa na mengine. Huko Illinois, mhandisi Mead Killion na kampuni yake ya Etymotic Research walitoa kizibo cha sikio kilichotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki. Vizibo vya viwandani huziba zaidi sauti nyembamba, muziki ukabaki kama unaopigwa chini ya godoro. Ndiyo maana wapiga vyombo walivitupa. Cha Killion kilipunguza sauti zote karibu sawasawa, kwa desibeli 15, hivyo matoazi yalibaki matoazi na besi ikabaki besi. Mwaka huohuo pia watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kuku akiharibikiwa na zile seli zenye vinyweleo, seli nyingine huota mahali pake. Za binadamu hazioti.

Mwaka 1989 The Who walirudi barabarani kusherehekea miaka 25, na mashabiki wakaona kioja. Townshend, yule aliyekuwa akivunja magitaa ya umeme, alipiga zaidi gitaa la kawaida, kuta za kioo zikamkinga na vishindo vya wenzake, na gitaa la umeme akakabidhiwa mtu mwingine. Wapo walionung'unika kwamba hiyo si The Who. Mwaka 1991 Neil Young alizunguka Marekani na bendi yake ya Crazy Horse kwa ziara ya kelele nzito, akarudi na mlio masikioni. Albamu iliyofuata, Harvest Moon ya mwaka 1992, ilikuwa ya upole, ya magitaa ya mbao na sauti za chini, na Young amesema masikio yake yalichangia uamuzi huo. Wengi wanaoipenda kwa utulivu wake hawajui kwamba utulivu ule ulikuwa pia maagizo ya mwili.

Kuishi na mlio ni somo lenyewe, na hapa pia mambo yamebadilika. Zamani mgonjwa aliambiwa hakuna dawa, nenda ukazoee. Hadi leo dawa ya kuufuta mlio wenyewe haijapatikana, lakini hiyo "kuzoea" imekuwa kazi yenye ufundi wake. Mwaka 1990 mtafiti Pawel Jastreboff alieleza kwamba mateso hayatokani na ukubwa wa mlio peke yake, bali na jinsi ubongo unavyouchukulia: ukiuhesabu kuwa hatari, hauuachii. Wagonjwa wakaanza kufundishwa kuupokea kama mtu anavyopokea mvumo wa jokofu jikoni. Ukimya mtupu ndio adui wa kwanza, kwa sababu saa nane za usiku mlio hauna mshindani. Basi feni inazunguka, redio inaachwa chini chini, dirisha linafunguliwa sauti za nje ziingie. Wengine husaidiwa na mashine za kusikia, kwani habari za nje zikirudi, ubongo hupunguza kupandisha sauti. Wengine husaidiwa na mazungumzo ya tiba yanayobadili fikra na mwenendo. Mlio huwa upo, ila siku zinapita bila mtu kuukumbuka.

Tarehe 2 Julai 2005, katika tamasha la Live 8 huko Hyde Park, London, The Who walikuwa miongoni mwa waliopanda jukwaani. Picha moja iliyozunguka dunia siku ile ilimwonesha mwigizaji Gwyneth Paltrow amembeba bintiye wa mwaka mmoja, ambaye baba yake, Chris Martin wa Coldplay, alikuwa akipiga tamasha hilohilo. Mtoto alikuwa amevishwa vikinga masikio vikubwa kama vya wafanyakazi wa uwanja wa ndege, vimemzidi kichwa. Wapo waliocheka. Martin mwenyewe alikuja kueleza mwaka 2012 kwamba amekuwa na mlio kwa takriban miaka kumi, na kwamba wanawe hawaingii kwenye maonyesho bila vikinga.

Miezi michache baada ya Live 8 ilifika zamu ya kile kitu kisicho na moshi. Townshend alitoa onyo lililoenea mwanzoni mwa 2006: kilichomharibu zaidi, alisema, ni hedifoni alizovaa studio miaka na miaka, si kuta za spika. Wakati huo kila kijana wa London na New York alikuwa na waya mweupe masikioni. Leo vipokea sauti vimekuwa vidogo kama punje ya korosho, na viko kwenye daladala za Dar es Salaam, matatu za Nairobi na teksi za Bujumbura.

Mwaka 2018 mambo mawili yalitokea mwezi mmoja. Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpa ushindi Chris Goldscheider, mpiga viola aliyeumia masikio mazoezini katika Royal Opera House mwaka 2012, alipoketishwa mbele ya tarumbeta wakati wa opera ya Wagner. Ikawa bayana kwamba hata muziki usio na waya hata mmoja unaweza kumjeruhi mfanyakazi, na kwamba uzuri wake haumwondolei mwajiri jukumu. Huko Las Vegas, Roger Daltrey aliwaambia watazamaji wake kwamba sasa yeye ni kiziwi sana, akawasihi wavae vizibo. Sauti iliyokuwa mbele ya kelele za Charlton ndiyo hiyo iliyokuwa ikiomba vizibo vya sponji.

Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, kipimo kisomwe ukumbini, vizibo vipatikane, na pawepo mahali pa kimya pa kupumzishia masikio. Kwetu, Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009 na Tanzania tangu 2015, lakini zinapotajwa huwa ni kwa sababu jirani wa baa ameshindwa kulala. Ana haki. Ila aliye taabani zaidi ni binti anayehudumia vinywaji mita mbili kutoka kwenye spika, usiku sita kwa wiki.

Kwa hiyo Jumamosi hii, ukienda kwenye harusi au ukumbini, usikae mbele ya spika. Jiongezee hatua kumi. Kizibo cha sponji kiviringishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kisha kishikilie kidogo hadi kijae. Kikibaki nusu nje, hakijaingia. Kila baada ya saa toka nje upumue. Masikio yakilia hadi kesho kutwa, nenda ukapimwe. Na sikio moja likifa ghafla, usilingoje lizibuke lenyewe: hiyo ni dharura, na matibabu yake hufaa zaidi yakianza ndani ya siku chache za mwanzo.