Tovuti Ilipojaa Picha za Maharusi

Tulianza na picha chache za hina na piko, kwenye seva ya bei rahisi inayotumiwa na tovuti chungu nzima. Kama nyumba ya kupanga yenye tangi moja la maji. Picha zikaongezeka, kila moja MB 8. Usiku wa harusi moja, jamaa wa bibi harusi walioko Muscat wakaifungua kwa pamoja albamu yake yenye nywila. Tovuti ikagoma, mwenye seva akatufungia. Picha ni amana, nasi hatukuwa na nakala nyengine! Siku mbili hatukulala. Alhamdulillah, zilirudi.

Sasa tumekodi seva ya peke yetu, picha tunazipunguza ukubwa kwanza, na nakala ipo nyumbani. Bibi harusi, muulize mpiga picha wako: nakala ya pili iko wapi?