Sheria Imelazimisha, Gharama Abebe Nani?

Sisi tunaofundisha Kurani hapa Kidodi tunayo njia yetu ya kujua kwamba msimu wa kukata miwa umeanza: watoto hupungua mikekani. Mtoto aliyefika juzuu ya tatu haonekani siku mbili, siku tatu, kisha twasikia yuko shambani na baba yake, au amebaki nyumbani kumlea mdogo wake ili mama apate kwenda kibarua. Tukiuliza, shuleni pia hayupo.

Hapo husikika watu wakisema kwamba elimu siku hizi ni bure na sheria ipo, basi asiyempeleka mtoto ashitakiwe. Maneno hayo si uongo, lakini hayatoshi. Nasi twayasema haya kwa kuwa sheria hiyo na sisi tulianza shule pamoja. Tuliandikishwa darasa la kwanza mwaka 1978, na mwaka ule ule Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu nambari 25, iliyomlazimu kila mtoto aliyetimiza miaka 7 kuandikishwa na kuhudhuria hata amalize elimu ya msingi. Kabla yake, mwezi wa Novemba 1974, TANU ilikata shauri huko Musoma kwamba watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, na ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa. Vitabu havikutosha, na baadhi ya walimu wa zama zile walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakijifunza ualimu huku wakifundisha. Lakini mtoto wa mkulima na mtoto wa karani walikaa benchi moja.

Kisha ikaja miaka ya ukata, ile ya 1980 na kuendelea, wazazi wakatozwa tena. Hapa twamwomba msomaji atazame vizuri. Sheria ya 1978 haikufutwa. Ilibaki kitabuni pamoja na adhabu zake. Hata hivyo watoto walipungua shuleni, hasa wa maskini. Na ada ilipoondolewa mwaka 2001, ukafuata mpango ulioitwa MMEM, watoto walimiminika hata vyumba vya madarasa visitoshe, wengine wakiwa wamekwisha pita umri. Neno "lazima" lilikuwa lile lile miaka yote hiyo.

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu nambari 5 wa 2015, ada imeondolewa hata kidato cha nne. Na Sera ya Elimu toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, yataka elimu ya lazima iwe miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Twaiunga mkono. Lakini sare, viatu na daftari bado hununuliwa, na chakula cha mchana shuleni huchangiwa. Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alitwambia kwamba hakumkataza mwanawe shule. Alimwondolea aibu ya kutazama wenzake wakila, maana mchango wake haukulipwa. Mama huyo ashitakiwe kwa kosa gani?

Wako wengine wenye uwezo, wauzao miwa kwa tani, na binti yao akimaliza darasa la saba humwambia yamtosha, ajifunze jiko. Hao sheria na iwashike, wala hatutawaombea msamaha. Tena wasijifiche nyuma ya dini. Chuo chetu hufundisha baada ya Alasiri na asubuhi ya Jumamosi. Hatujapata kugombea saa za shule, na kwa hakika mtoto aliyezoea kitabu cha shule hushika alifu na bee kwa wepesi zaidi.

Twakumbuka habari za Badr. Mateka wa Makka waliojua kuandika, wasiokuwa na fidia, walikubaliwa wajikomboe kwa kufundisha kila mmoja watoto kumi wa Madina. Habari hii hutajwa sana kuonyesha heshima ya elimu, na ni haki. Sisi twaona na jambo jingine ndani yake: fidia ile ilikuwa haki ya Waislamu, nao walikuwa wahitaji, wakaiacha ili watoto wasome. Watoto wale hawakutoa hata dirhamu moja. Jamaa nzima ndiyo iliyolipa.

Basi msikitini kwetu tumeanza kuandika majina ya yatima na watoto wa wajane walio katika umri wa shule. Tumewaomba wenye mashamba kwamba, malipo ya miwa yakitoka, kabla hayajakwenda kwenye mabati na pikipiki, kila mmoja achukue mtoto mmoja: sare, daftari na chakula chake cha mwaka. Hata leo majina ni mengi kuliko waliojitolea. Orodha iko kwa katibu wa msikiti, na hufunguliwa kila Ijumaa baada ya sala.