Kyavinyonge: Mbio, Kinga, na Mbio Tena

Wengi wenu mlitukuta asubuhi ile tukifunga kinga sita juu ya gari, mkatuuliza tunapeleka bidhaa gani. Hatukuwa na bidhaa. Tulikuwa tunateremka Kyavinyonge kushindana sisi kwa sisi: kukimbia kwa miguu, kuendesha kinga, halafu kukimbia tena. Tuliahidi kuwaletea habari, na hizi ndizo.

Mchezo huu hatukuubuni sisi. Unaitwa duathloni. Katika mashindano ya kimataifa mara nyingi watu hukimbia kilomita 10, huendesha baiskeli kilomita 40, kisha humaliza kwa kilomita 5 za miguu. Huko Zofingen, Uswisi, wako wanaokimbia 10, wakaendesha 150, wakakimbia 30 nyingine. Sisi tuna watoto wa kulea, kwa hiyo tulipanga 3, halafu 10, halafu 2. Ndugu wa mchezo huu, triathloni, huanza kwa kuogelea. Lakini hata wakubwa wa mchezo, maji yakiwa hayafai, huondoa kuogelea na kuweka kukimbia. Maji ya Kyavinyonge yana viboko. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Kabla ya kuondoka tuliuliza habari za njia, kama kila mama wa huku anavyouliza kabla ya kwenda shambani. Tulipoambiwa ni shwari, tukaenda. Butembo tunakaa juu ya mita 1700, asubuhi tunavaa sweta. Njia inapita Kyondo, kwenye baridi zaidi, halafu inaanza kuteremka kwenye bonde kubwa mpaka masikio yanaziba. Ziwa Edouard liko mita 900 na kidogo tu. Kila tulipoteremka tulivua kitu kimoja: kwanza sweta, halafu kitambaa cha shingoni, na mwisho maneno mengi tuliyokuwa tunajisifu nayo. Joto la kule halina mchezo.

Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi ndani ya Parke ya Virunga, ile iliyoundwa mwaka 1925. Upande mmoja ni maji, upande mwingine ni majani ya wanyama. Si mbali na hapo, pale Ishango, mto Semliki unatoka ziwani na kuelekea Ziwa Albert. Ufukweni mitumbwi inafika alfajiri, wamama wanangoja na mabeseni, na nyuma yao wanangoja ndege wale wakubwa wenye upara, wakitazama utumbo wa samaki kama wageni waliofika mapema kwenye harusi.

Usiku viboko hutoka majini kula majani, na hawajali kama majani yako nyuma ya nyumba ya mtu. Kabla jua halijawa kali wanarudi. Ndiyo sababu viongozi wa kijiji na walinzi wa parke, tuliowaarifu mapema, walituambia tusianze gizani, wakatuonyesha pa kupita na pa kugeukia. Mwenyeji mmoja alitufundisha jambo ambalo hatukulitegemea. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Baada ya miaka ya vita walibaki wachache sana. Wavuvi waliliona hilo kwenye nyavu, maana kinyesi cha kiboko ni mbolea ya maji, na mbolea hiyo ndiyo inayolisha samaki. Mnyama tunayemwogopa ndiye anayetujazia beseni.

Tulikuwa sita. Mmoja wetu ana mtoto wa miezi saba. Alimnyonyesha, akamwachia shangazi, akaja kwenye mstari. Wote tulivaa suruali, na juu yake kikwembe kimefungwa kifupi. Jambo la suruali lilitusumbua kuliko kilomita. Nyumbani wawili wetu walikuwa wameulizwa kama sasa wamekuwa wanaume. Lakini kikwembe kirefu kikiingia kwenye mnyororo wa kinga, mama anaanguka pamoja na heshima yake. Tulikumbushana habari za Tegla Loroupe wa Kenya, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994. Hakuna anayeuliza alivaa nini siku ile.

Tulipokuwa tunajipanga, mama mmoja muuza samaki, umri wake umepita hamsini, aliweka beseni lake chini akauliza zawadi ni nini. Tukamwambia hakuna zawadi. Akacheka, akavua kandambili, akasimama mstarini. Kijana mmoja akamwazima kinga. Tukawa saba.

Kilomita tatu za kwanza yule mama alituacha. Tunaandika hivi bila haya. Sisi wa milimani tulikuwa tunapumua kama mivukuto ya mhunzi, na yeye anakimbia kwa hatua fupi fupi, mikono chini, kama mtu anayewahi mtumbwi. Tulipofika kwenye kinga yeye alikuwa tayari amesimama pale, ameshika usukani, hapandi.

Hakujua kuendesha. Hakuwa amefikiri tutafika huko kwa haraka hivyo.

Kinga zetu zilikuwa zile nzito za chuma za vijana wanaobeba mizigo, zenye chuma cha katikati kinachomsumbua mama kupanda. Moja breki yake ilikuwa kipande cha mpira. Tulipanda kwa taabu, tukaondoka, na tulipogeuka tukamwona anasukuma. Hakurudi kijijini. Alisukuma kinga ile kwenye njia ya vumbi kilomita kumi, tano za kwenda na tano za kurudi, jua likipanda na upepo wa ziwa ukimpiga usoni. Tulipokutana naye tukirudi, tulimwambia apumzike. Akajibu, “Endeleeni, wanangu, nimezoea kutembea nyuma ya kinga.”

Kuhusu kushuka kwenye kinga na kuanza kukimbia, tuwaambie ukweli: miguu haikuwa yetu. Mapaja yaliyokuwa yanazunguka kwa muda mrefu hayakubali mara moja kunyooka. Mmoja wetu alipiga hatua tatu akakaa chini, akicheka na kulia pamoja. Wajuzi wanasema dawa yake ni mazoezi ya namna hiyo hiyo: endesha robo saa, shuka, kimbia dakika tano, na kurudia siku nyingine. Sisi tulikuwa tumefanya mazoezi ya kukimbia peke yake na ya kinga peke yake. Mkijaribu, msifanye kosa letu. Na kunyweni maji kabla ya kiu, yenye sukari na chumvi kidogo. Ndizi mbivu na viazi vitamu vya kuchemsha vilitusaidia kuliko biskuti.

Tulimaliza sote sita, na mwenye mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza. Kisha tukangoja. Mama muuza samaki alifika tumeshaoga nyuso. Aliegemeza kinga kwenye ukuta, akakimbia kilomita mbili zake za mwisho, na ufukwe wote ukasimama kumtazama.

Hapo likaja bishano. Wengine walisema hawezi kuhesabiwa, maana hakuendesha. Lakini kanuni za mchezo wenyewe zinamruhusu mshindani kusukuma kinga yake kwa miguu, ilimradi asiiache nyuma. Hakuiacha. Tukamwandika wa saba. Akasema, “Wasingya,” akakaa chini, akaomba maji.

Tulikula pamoja samaki wa kuchoma, fufu na pilipili. Hapo ndipo alipotufafanulia lile neno lake la njiani. Kila siku ya soko samaki wake hutoka ufukweni hadi mahali magari yanapopakilia. Beseni ni zito, na samaki hawangoji. Jua likipanda wanaharibika. Kwa hiyo humlipa kijana mwenye kinga, na yeye hutembea nyuma yake asipoteze macho mali yake. Miaka mingi sasa. Akatuhesabia kwa vidole: mvuvi analipwa, kijana wa kinga analipwa, gari linalipwa, mwenye meza sokoni analipwa. Kidole kilichobaki ni karo ya wajukuu. “Leo,” alisema, “ndiyo mara ya kwanza nimeshika kinga bila mtu kuniomba pesa.”

Tulinyamaza kidogo. Tulikuwa tumekuja kujipima pumzi, na yeye alikuwa anapima kidole kimoja.

Jioni, kabla ya gari kuwashwa, tulimpandisha kwenye kinga ndogo kuliko zote. Wawili wetu tulishika kiti, mmoja usukani. Alianguka mara mbili, ya pili karibu atuangukie. Mara ya tatu tuliachia bila kumwambia, akaenda mwenyewe hadi kwenye miti ya kuanikia nyavu, akipiga kelele kwamba tusimwachie. Watoto walimkimbilia. Hakujua kusimamisha, akaingia kwenye nyavu.

Tumerudi na magoti yenye vidonda na maamuzi mawili. La kwanza, tumeomba kikundi kitoe katika likilimba yetu pesa za kununua kinga moja isiyo na chuma cha katikati, iwe ya kujifunzia kwa zamu. Mtalijadili kwenye mkutano wa mwezi. La pili, tumemwahidi yule mama kurudi, naye ameahidi kwamba safari hiyo hatatungoja.

Wanaotaka kujifunza waje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya soko. Mje na suruali chini ya kikwembe. Wababa wakiuliza, waambieni ni kwa ajili ya mnyororo.